Usukani wa Pikapu: Nini Kibadilishwe, Nini Kiimarishwe

Mada iliyotolewa kwa madereva, mafundi na wenye pikapu wa Mbwawa, Kibaha



Tumeombwa tuzungumze kuhusu usukani wa pikapu: vipuri vyake vinavyochakaa, jinsi ya kuvitambua mapema, na swali ambalo mafundi wengi hutuuliza, yaani lini inafaa kuchomelea na lini ni lazima kununua kipya.

Hapa Mbwawa pikapu ina kazi nyingi. Asubuhi hubeba mihogo, mkaa au mifuko ya saruji. Jioni huwarudisha akina mama waliokwenda sokoni. Usiku mtu akiugua au mama akishikwa na uchungu, pikapu hiyo hiyo ndiyo humpeleka Hospitali ya Tumbi. Na siku ya msiba hubeba jeneza na wafiwa. Kwa hiyo tunapozungumzia kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja, tunazungumzia watu wote hao.

Kuna jambo jingine la mahali petu. Njia zetu za ndani ni za mchanga, na gari huenda polepole. Kiungo cha usukani kikichomoka huku, gari litaingia kwenye shamba la mihogo na dereva atatoka akipangusa vumbi. Lakini pikapu hiyo hiyo, baada ya muda mfupi, huingia barabara kuu ya Morogoro, ambako inapishana na malori yanayokwenda Zambia, Kongo na Rwanda. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 katika sekunde moja. Kiungo kikichomoka hapo, dereva hana tena cha kufanya. Breki anaweza kuzikanyaga, lakini hawezi kuchagua gari lielekee wapi.

Usukani unavyofanya kazi

Tuanze na njia ambayo nguvu ya mikono yenu hupita mpaka kwenye tairi. Kwenye pikapu nyingi za zamani tulizonazo, ukizungusha usukani, mhimili wake huzungusha gia zilizomo ndani ya boksi la usukani, ambalo mafundi huliita stelingi boksi. Boksi limefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Chini yake kuna mkono mfupi wa chuma unaokwenda kushoto na kulia.

Kutoka hapo magari yanatofautiana. Kwenye pikapu ambazo kila tairi la mbele lina mikono yake, mkono wa boksi husukuma fimbo ya kati. Upande wa pili, fimbo hiyo hushikiliwa na mkono msaidizi, ambao mafundi huuita aidola, wenye bushi ndani yake. Kutoka kwenye fimbo ya kati hutoka tai rodi mbili, moja kwa kila tairi. Kwenye zile zenye ekseli nzima mbele na springi za majani, kama Hilux nyingi za zamani za kuendesha magurudumu manne, mkono wa boksi husukuma fimbo moja inayokwenda kwenye nako ya tairi, na tai rodi moja ndefu huunganisha tairi la kushoto na la kulia. Pikapu mpya zaidi, kama Hilux Vigo iliyotoka miaka ya 2004 na 2005, hazina boksi la namna hiyo. Zina reki ya meno inayosukuma tai rodi moja kwa moja.

Aina zote hizi zina jambo moja la pamoja. Kila mahali fimbo inapokutana na fimbo nyingine pana kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe. Kiungo hicho kina grisi, na kimefunikwa kwa kifuko cha raba. Kifuko kikipasuka, mchanga wetu wa Pwani unaingia. Mchanga ukichanganyika na grisi unasaga chuma kama msasa. Tangu siku hiyo kiungo kimeanza kufa, hata kama gari bado linakwenda vizuri.

Fundisho kutoka Japani

Baadhi yenu mtasema kwamba Hilux haifi. Ni kweli kwamba ni gari imara. Hata hivyo, lipo tukio ambalo kila mwenye Hilux ya zamani anapaswa kulifahamu.

Mwezi Agosti 2004, katika mkoa wa Kumamoto nchini Japani, gari aina ya Hilux Surf lilipoteza mwelekeo na kugongana na gari jingine. Watu 5 walijeruhiwa. Ilionekana kwamba fimbo ya kati ya usukani ilikuwa imekatika. Oktoba mwaka huo Toyota iliyaita magari zaidi ya 330,000 nchini Japani ili fimbo hiyo ibadilishwe. Septemba 2005 ikafanya hivyo nchini Marekani kwa magari yapatayo 978,000, zikiwemo pikapu za kati ya mwaka 1989 na 1995. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikubali kulipa serikali ya Marekani faini ya zaidi ya dola milioni 16 kwa sababu ya kuchelewa kuchukua hatua kuhusu fimbo hiyo.

Sababu iliyotolewa inatuhusu sana. Fimbo hizo zilipata ufa mdogo kutokana na kuzungushwa usukani mara kwa mara mpaka mwisho huku gari likiwa limesimama, kama mtu anapoegesha mahali pembamba. Tairi lililosimama hugandamana na ardhi, na nguvu yote inabaki kwenye fimbo. Siku moja haidhuru. Lakini ikirudiwa maelfu ya mara, chuma kinachoka, kinapata ufa usioonekana kwa macho, na siku moja kinakatika.

Sasa fikirini kuhusu pikapu iliyobeba mchanga au matofali kupita kiasi, imezama kwenye njia laini, na dereva anazungusha usukani kwa nguvu zake zote ilhali gari halisogei. Hivyo ndivyo chuma kinavyochoshwa. Tunaomba tabia hii ibadilike tangu leo: liache gari lisogee kwanza, hata kwa mwendo wa kobe, ndipo uzungushe usukani. Haigharimu hata senti moja.

Magari mengi ya miaka hiyo yalikuja Afrika Mashariki yakiwa yametumika. Ukiwa na Hilux au Surf ya miaka ya mwanzo ya 1990, muulize fundi wako kama fimbo ya kati imewahi kubadilishwa. Kama hakuna anayejua, ichukulie kwamba haijabadilishwa.

Usukani hutoa taarifa

Ajali nyingi za usukani hutanguliwa na dalili za wiki nyingi, pengine miezi. Dalili zenyewe ni hizi:

1. Usukani unacheza, yaani unauzungusha kidogo na tairi halijibu. Kwa magari mengi ya Toyota, vitabu vya ufundi hutaja milimita 30 kwenye ukingo wa usukani kuwa mwisho unaokubalika. Ni kama upana wa vidole viwili.

2. Gari linatangatanga barabarani na dereva anafanya kazi ya kulirudisha kila wakati.

3. Tairi za mbele zinaliwa upande mmoja, au zinatoa vijimanyoya ukipitisha kiganja.

4. Kuna mlio wa kugonga chini ukipita kwenye makorongo au ukikata kona.

5. Sehemu ya mbele inatetemeka vikali ikifika mwendo fulani, kisha inatulia ukipunguza.

Hapa tuseme jambo kwa mafundi wetu. Gari lenye dalili ya kwanza likifika gereji, wapo wanaokimbilia kukaza skrubu iliyo juu ya boksi la usukani. Usukani unakuwa mzito, mchezo unapungua, na mteja analipa akiwa amefurahi. Lakini mara nyingi ulegevu ulikuwa kwenye viungo vya chini, na bado uko pale pale. Zaidi ya hayo, boksi lililokazwa kupita kiasi linajisaga lenyewe na usukani hauwezi kurudi baada ya kona. Boksi liguswe mwisho, baada ya viungo vyote kukaguliwa.

Vivyo hivyo kwa shokapu ya usukani. Gari likitetemeka, wengine hufunga shokapu mpya, na mtetemo unapungua kwa muda. Shokapu inaficha ugonjwa tu. Tafuteni kiungo kilicholegea, beringi za nako, au tairi lisilo na mizania.

Ukaguzi wa watu wawili

Ukaguzi huu hauhitaji mashine. Unahitaji dereva na utingo wake, na muda usiozidi nusu saa.

Kwanza, gari lisimame mahali tambarare, tairi zikiwa chini, breki ya mkono imevutwa na tairi za nyuma zimewekewa magogo au mawe. Mmoja akae ndani azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kusukuma tairi lote. Mwingine aangalie chini, kiungo kimoja baada ya kingine, na aweke vidole juu ya kila kiungo. Kiungo kizima husogea pamoja na fimbo yake. Kiungo kilichokufa utakiona fimbo inasogea kwanza, kisha kiungo kinafuata. Aangalie pia mkono msaidizi kama unapanda na kushuka, na boksi kama linatikisika kwenye chesisi.

Pili, inueni mbele kwa jeki na muweke vigingi imara chini ya ekseli au chesisi. Tunasisitiza: asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Shikeni tairi kushoto na kulia mlitikise. Likicheza, angalieni tai rodi. Kisha lishikeni juu na chini mlitikise. Likicheza hapo, ni boljointi, beringi za tairi, au kwa gari lenye ekseli nzima, beringi za nako. Mtu mmoja akikanyaga breki na mchezo ukatoweka, lawama ni ya beringi za tairi. Ukibaki, ni boljointi au nako.

Tatu, angalieni kila kifuko cha raba, kila nati na kila spilipini. Nati ya usukani isiyo na spilipini ni sawa na mlango usio na komeo.

Kinachozunguka kibadilishwe

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Tungependa mkumbuke kanuni moja fupi: kinachozunguka kibadilishwe, kinachoshikilia kiimarishwe.

Vinavyozunguka ni tai rodi endi, boljointi, bushi za mkono msaidizi, beringi, na viungo vyote vya fimbo. Pamoja navyo tunaweka fimbo zenyewe, kwa sababu ndizo zinazobeba nguvu ya kuvuta na kusukuma kila sekunde. Hivi havichomelewi. Kuna pikapu zinazotembea zikiwa na kikombe cha tai rodi kilichochomelewa ili kisiachie, na nyingine zimefungwa kwa waya na vipande vya tyubu. Chuma cha fimbo hizi kimefuliwa na kupewa ugumu maalumu kiwandani. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu huo, ukaacha sehemu laini karibu na sehemu inayovunjika kama kigae. Kwa nje utaona kazi imetoka nzuri, na ndiyo maana ni hatari zaidi kuliko kiungo kinachoonekana wazi kwamba kimelegea. Fimbo iliyopinda pia isipashwe moto na kunyooshwa. Ibadilishwe.

Wakati wa kubadilisha, tunawakumbusha mafundi mambo machache:

- Kabla ya kufungua tai rodi endi, hesabu mizunguko inapotoka, na mpya uiingize mizunguko hiyo hiyo. Kumbuka kwamba upande mmoja nyuzi zake huzunguka kinyume.

- Tumia kifaa cha kuchomolea. Kupiga nyundo kwenye ncha ya nyuzi kunaharibu kiungo, na kukipasha moto kunaharibu nako.

- Shina la kiungo ni jembamba juu na nene chini, nalo lazima likae kwenye tundu lake bila kucheza hata kidogo. Likicheza, ama kipuri si cha gari hilo ama tundu limelika. Usiweke kipande cha bati kujazia.

- Kaza nati kwa spana ya kupimia nguvu kama ipo. Tundu la spilipini lisipokutana, endelea kukaza mpaka likutane. Usilegeze kurudi nyuma. Spilipini iwe mpya kila mara.

- Ukibadilisha tai rodi endi ya upande mmoja, kagua ya upande wa pili siku hiyo hiyo. Zimekula mchanga mmoja.

- Mwisho, pima mwelekeo wa tairi. Kama hakuna mashine, chora mstari katikati ya kila tairi la mbele, upime umbali kati ya mistari hiyo mbele na nyuma, na ulinganishe na kitabu cha gari. Kipimo hiki ni cha kukufikisha mjini kwenye mashine, nako ufike.

Kinachoshikilia kiimarishwe

Vinavyoshikilia ni chesisi na mahali boksi la usukani na mkono msaidizi vinapofungwa. Hapa ndipo kuchomelea kuna nafasi yake, kikifanywa vizuri.

Kwenye pikapu ambayo imebeba mizigo mizito kwa miaka mingi, chesisi inaweza kupata ufa kuzunguka bolti za boksi. Tairi kubwa kuliko za kiwandani na vipande vya kutanua rimu huongeza mzigo huo. Dalili ni kwamba boksi zima linasogea usukani unapozungushwa, na kutu ya rangi ya udongo huchirizika kutoka kwenye mstari mwembamba wa ufa.

Fundi afungue boksi kabisa, asafishe chuma mpaka king'ae, na aone ufa unaishia wapi. Atoboe tundu dogo kwenye mwisho wa ufa ili usiendelee. Kisha auchimbe ufa, auchomelee, na juu yake aweke kibati cha chuma chenye unene unaokaribiana na wa chesisi. Kibati kiwe na ncha zilizochongoka kama umbo la samaki, kisiwe mraba, kwa sababu mstari wa kuchomelea unaokata chesisi wima hutengeneza mahali papya pa kuvunjikia. Bolti zinazopita kwenye chesisi ziwekewe bomba la chuma ndani ili chesisi isibonyee zinapokazwa. Bolti ziwe mpya na za nguvu inayotakiwa. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea. Boksi lenyewe na mkono wake visiguswe na moto. Kama fundi wa jirani hana uzoefu wa chesisi, ni afadhali kumtafuta mwenye uzoefu hata kama ni mbali.

Kuhusu kununua vipuri

Wengi tunanunua Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam. Kule kuna vipuri vizuri na kuna vya bandia katika duka moja. Nendeni na kipuri cha zamani mkononi, mlinganishe shina, nyuzi na urefu. Kiungo kipya kinapaswa kuwa kigumu kidogo kukizungusha kwa kidole. Kikilegea kikiwa bado dukani, kirudisheni. Raba iwe laini na isiyo na nyufa. Daini risiti. Vipuri bandia ni kosa kisheria, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Boksi la usukani lililotumika linaweza kununuliwa likikaguliwa. Lakini tai rodi endi na boljointi zilizotumika msinunue. Hamjui zimebakiza nini.

Nani alipe?

Ndugu zetu, tumezungumza mengi ya spana, lakini tunajua kikwazo si spana. Dereva anajua usukani unacheza. Anamwambia mwenye gari, naye anajibu, "Malizia wiki kwanza." Dereva akisimamisha gari, hesabu ya siku inamdai na nyumbani watoto wanamsubiri. Basi anaondoka asubuhi akiwa na watu nyuma, na anaogopa peke yake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Lakini hata kabla ya sheria, kuna haki kati ya mtu na mtu. Hivyo basi tunapendekeza makubaliano matatu hapa Mbwawa. Kwanza, siku gari liko kwa fundi kwa ajili ya usukani au breki, mwenye gari asidai hesabu. Pili, sehemu ndogo ya kila hesabu iwekwe kando kwa ajili ya vipuri vya mbele, isiguswe kwa jambo jingine. Tatu, wenye magari wachangiane kununua kifaa kimoja cha kuchomolea viungo, vigingi vya gari na spana ya kupimia nguvu, vikae kwa mtu mwaminifu na kila fundi aazime. Vikundi vya kuweka na kukopa vimewasomesha watoto wetu, na hili pia vinaliweza.

Kwa akina mama na wazee mnaopanda nyuma, mna haki ya kumuuliza dereva, "Mwanangu, usukani umekaguliwa lini?" Si dharau. Dereva mzuri atafurahi kuulizwa, kwa sababu swali lenu linampa nguvu ya kusema na mwenye gari.

Jumamosi hii, kabla ya kupakia mzigo, kila dereva na utingo wake wafanye ukaguzi wa watu wawili. Mtakachokiona kiandikeni kwenye karatasi na mmpe mwenye gari mkononi.

Sasa tunakaribisha maswali, na tuanze na yaliyo magumu.